Neno "Mbuni" Lina Silabi Ngapi? Mwanafunzi wa Uhandisi Mlangoni pa Idara ya Kiswahili

"Mwalimu, neno mbuni lina silabi ngapi?"

Swali hili niliulizwa alasiri moja na mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi wa umeme, aliyebisha mlango wa chumba tunamosomea sisi wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, kipakatalishi kwapani. Nilimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye diwani niliyokuwa nikiichambua: "Mbili." Akasita kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Mbuni yule ndege, au mbuni wa kahawa?" Hapo ndipo nilipoifunga diwani na kumkaribisha aketi.

Msomaji wa jarida hili hana haja ya kuelezwa kwa kirefu. Mbuni ambaye ni ndege hutamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni, kwa kuwa sauti m na b zimeungana zikawa kama konsonanti moja. Mbuni ambao ni mmea uzaao buni una silabi tatu, m-bu-ni, kwa sababu m hapo ni kiambishi cha ngeli nacho husimama peke yake kama silabi. Mbuni ambaye ni mtu mwenye kubuni jambo ana silabi tatu vilevile. Herufi ni zile zile tano, na mpangilio wake ni ule ule. Sikio la mwenye lugha huzitenganisha bila taabu. Tarakilishi haina sikio hilo mpaka mtu aipe.

Makala haya yanamhusu mwanafunzi huyo na wengine wa aina yake, yaani wanafunzi wa uhandisi na sayansi ya tarakilishi wanaotaka kufanya utafiti wa taaluma mtambuka, utafiti ambao nusu yake imo katika kitivo chao na nusu nyingine imo katika taaluma yetu. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi wa namna hiyo anaifanyia kazi lugha yetu, na kwa hivyo idara za Kiswahili zina wajibu wa kumpokea kama mtafiti mwenza, kumsimamia na kumtahini. Tunapomwacha mlangoni, wa kwanza kupata hasara ni sisi wenyewe.

Kazi Aliyokuja Nayo

Mwanafunzi huyo alikusudia kuunda programu ya kusoma matini za Kiswahili kwa sauti kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Ikumbukwe kwamba programu za aina hiyo zimekuwapo kwa muda, na mwenzetu mmoja asiyeona huitumia moja kila siku kusoma makala na riwaya. Katika nathari inamfaa. Katika ushairi inamponza. Alitusimulia jinsi alivyowahi kufanya zoezi la kubainisha mizani za shairi alilosomewa na mashine, akaandika kwamba mshororo mmoja una upungufu, na akaendelea kulijadili jambo hilo kama kasoro ya mtunzi. Mtunzi hakuwa na kosa. Mashine ilikuwa imeimeza silabi moja, na mwenzetu hakuwa na njia yoyote ya kujua.

Nitatoa mfano ambao nimeutunga mwenyewe ili jambo hili lieleweke. Chukua ukwapi huu: "Mti mbovu huchomwa." Hesabu mizani zake: m-ti-m-bo-vu-hu-cho-mwa. Ni nane kamili, kama inavyotakiwa katika shairi la mizani kumi na sita kwa kila mshororo. Sasa ondoa neno mti, uweke neno nguo, ambalo pia lina silabi mbili: "Nguo mbovu huchomwa." Ngu-o-mbo-vu-hu-cho-mwa. Mizani zimekuwa saba! Neno tulilolitoa na tuliloliweka yana idadi sawa ya silabi, na maneno mawili yanayofuata hayakubadilika hata herufi moja. Silabi iliyopotea imepotelea ndani ya neno mbovu.

Sababu yake tunaijua. Katika "mti mbovu," m ya kivumishi ni kiambishi ambacho asili yake ni mu-, kama inavyodhihirika hadi leo katika lugha nyingine za Kibantu. Mkikuyu husema mũtĩ. Irabu ilidondoka katika Kiswahili lakini nafasi yake katika mapigo ya neno ikabaki. Katika "nguo mbovu," kiambishi ni n-, ambacho hugeuka kuwa m kinapokutana na b, nacho huungana nayo. Kwa hivyo, ili mashine ilitamke neno mbovu ipasavyo, sharti kwanza ijue ngeli ya nomino inayotajwa, na nomino hiyo huenda iko maneno matatu au manne nyuma. Sarufi inaamua sauti, na sauti inaamua arudhi. Au litazame neno moja tu tunaloamkuana nalo kila asubuhi: hamjambo. Lina m mbili. Ya kwanza ni silabi kamili na ya pili siyo: ha-m-ja-mbo.

Mhandisi alikuwa amegundua kwamba tatizo lipo, na kulihisi lilipo, lakini hakuwa na istilahi za kulieleza. Mimi nilikuwa na istilahi zote, na katika miaka yangu yote ya kusoma ushairi sikuwahi kulihisi kuwa tatizo. Nilikuwa nimevisoma vitabu vya arudhi, kikiwemo kile cha Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, na nikaamini kwamba mizani ni jambo la kuhesabu vidoleni. Jumamosi chache tulizokaa pamoja zilinionyesha vingine. Tulirekodi sauti zetu na za wenzetu wawili tukisoma vishazi vile viwili, kisha akanionyesha mawimbi ya sauti kwenye kiwambo. Niliiona m ya "mti mbovu" ikiwa imenyooka na kutulia kwa muda wake, na ile ya "nguo mbovu" ikipita kama kivuli kuelekea b. Sidai kwamba sauti nne ni utafiti. Nasema tu kwamba nilikuwa nimefundishwa mizani kwa miaka mingi, na siku hiyo ndiyo niliyoiona mara ya kwanza.

Maswali yakafuatana. Je, mghani wa shairi huirefusha silabi hii zaidi ya msomaji wa kawaida? Je, Mswahili wa Mombasa na mwanafunzi aliyejifunzia Kiswahili shuleni huko bara huitamka sawa? Je, katika shairi huru, ambalo limeziacha vina na mizani, msomaji huweka wapi mapumziko, na kwa nini hapo? Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wahakiki wamejadili kwa hamasa kama shairi lisilo na mizani ni shairi. Wengi wetu tumeujadili ushairi huo tukiutazama kwenye karatasi. Mhandisi alitaka kuusikia.

Milango Miwili

Sasa nieleze yaliyompata. Sitakitaja chuo wala idara, kwa sababu nia yangu si kumshtaki mtu, na kwa sababu nadhani wasomaji wengi watayatambua mambo haya popote walipo.

Alipowasilisha pendekezo lake la utafiti katika idara yake, aliulizwa swali moja kwa namna kadhaa: "Uhandisi uko wapi hapa?" Swali hilo ni halali. Tasnifu ya uhandisi inapaswa kuonyesha uhandisi. Alijibu kwamba upo katika uchakataji wa mawimbi ya sauti, na katika kuunda kanuni ambayo mashine itaifuata ili kuamua urefu wa kila silabi. Wakaridhika nusu. Wakamwambia kwamba upande wa lugha hawawezi kuutathmini, hivyo atafute msimamizi wa pili kutoka idara ya Kiswahili, kisha arudi.

Kwetu alikwenda ofisi baada ya ofisi. Mhadhiri mmoja alimweleza kwamba kumsimamia mwanafunzi wa kitivo kingine hakuhesabiwi katika mzigo wake wa kazi, naye tayari ana wanafunzi kupita kiasi. Mwingine alisema kwamba mwanafunzi huyo hajasoma hata kozi moja ya isimu, na haiwezekani kuanzia naye kwenye irabu na konsonanti. Wa tatu aliuliza lugha ya tasnifu. Aliposikia kwamba itaandikwa kwa Kiingereza, akasema idara yetu imepigania kwa miaka mingi haki ya kuandika tasnifu kwa Kiswahili, na hawezi kutia sahihi kinyume chake. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na mashiko yake. Hakuna aliyemfukuza. Kila mmoja alimwonyesha mlango unaofuata.

Nami sijitoi. Nilipokuwa karibu kuwasilisha pendekezo langu mwenyewe, nilimwomba asubiri wiki tatu. Wiki hizo tatu ndizo zilizokuwa zimesalia kabla ya siku ya mwisho ya kusajili mada yake. Aliponijia tena alikuwa amebadilisha mada. Alitafiti upotevu wa umeme katika nyaya za kusambazia, mada ambayo taifa hili linaihitaji, na akafuzu vizuri. Ile programu imebaki pale tulipoiachia. Kila mbuni inayekutana naye humchukulia kuwa ndege, na mwenzetu asiyeona bado huwaomba wenzake wamsomee mashairi wanapopata nafasi.

Ni bayana kwamba jambo hili si la hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Kifungu cha 7 cha katiba hiyo hiyo kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Viweke vifungu hivyo viwili bega kwa bega, kisha ujiulize ni nani atakayetengeneza kifaa kinachosoma shairi la Kiswahili sawasawa. Mhandisi peke yake hawezi. Mwanafasihi peke yake hawezi.

Waliovuka Kabla Yetu

Yamkini kuna mwenzangu anayedhani kwamba ndoa hii ya hesabu na fasihi ni mtindo wa siku hizi ulioletwa na tarakilishi. La hasha. Neno lenyewe la arudhi tunalolitumia linatokana na elimu iliyoasisiwa na Khalil bin Ahmad al-Farahidi huko Basra katika karne ya 8. Yeye ndiye aliyezipanga bahari za ushairi wa Kiarabu kwa utaratibu, na ndiye pia aliyeanzisha kamusi iitwayo Kitab al-Ayn. Katika kamusi hiyo aliyapanga maneno kwa kufuata mahali pa kutamkia sauti, kuanzia kooni, na akaipindua mizizi ya maneno kwa kila mpangilio uwezekanao wa herufi ili asiache neno. Huo ni utaratibu wa mwanahesabu. Kwa hakika, elimu ya vina na mizani tunayojivunia ilizaliwa katika kichwa ambacho hakikujua mpaka baina ya taaluma hizi.

Mfano wa pili unatoka Urusi. Mwaka 1913 mwanahisabati Andrei Markov alichukua herufi 20,000 za mwanzo za Eugene Onegin, utungo maarufu wa Pushkin, akahesabu kwa mkono jinsi irabu na konsonanti zinavyofuatana. Alitaka kuonyesha kwamba nadharia ya uwezekano inaweza kuyaeleza hata matukio ambayo moja hutegemea lililotangulia. Miongo kadhaa baadaye, wahandisi waliotaka kuifundisha mashine kutambua usemi wa binadamu waliijenga kazi yao juu ya hesabu hiyo. Ushairi ulikuwa maabara. Je, ni mwanafunzi gani wa hisabati nchini aliyewahi kuingia maktabani kuazima diwani ya Muyaka kwa kusudi kama hilo? Na kama angekuja kwetu kuuliza, tungemkaribisha?

Kiswahili chenyewe hakikosi mifano. Kuanzia miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishughulika na kuifundisha tarakilishi kuchanganua mofolojia ya Kiswahili, kiambishi kwa kiambishi. Ni katika chuo hicho ambapo Mkenya Wanjiku Ng'ang'a alikamilisha tasnifu yake ya uzamifu mwaka 2005, iliyochunguza jinsi mashine inavyoweza kubaini maana ya neno la Kiswahili lenye maana zaidi ya moja. Nawapa heko wote wawili. Hata hivyo, sharti tujiulize kwa nini kazi ya kubaini kwamba kaa ni mnyama wa pwani, au kipande cha makaa, au amri ya kuketi, ilipata makao yake Ufini.

Habari njema ni kwamba mambo yameanza kubadilika hapa nyumbani. Mradi wa Kencorpus, uliotoa matokeo yake mwaka 2022, uliwakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene ili kukusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya kwa ajili ya matumizi ya tarakilishi. Mradi huo umethibitisha kwamba watu wa lugha na watu wa mitambo wanaweza kuketi meza moja katika nchi hii. Lakini ikumbukwe kwamba huo ulikuwa mradi wa wahadhiri, wenye ufadhili. Mwanafunzi wa uzamili hana mradi. Ana karo, ana siku ya mwisho ya usajili, na ana sahihi mbili za kutafuta.

Mshika Mawili

Najua methali nitakayojibiwa nayo: mshika mawili moja humponyoka. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Nimewahi kusikiliza mawasilisho yaliyojiita ya taaluma mtambuka ambayo hayakuwa na kina popote. Mtafiti alikuwa ameazima istilahi tano za isimu na picha kumi za grafu, akatumaini kwamba wanaisimu wataziogopa grafu na wanahesabu wataziogopa istilahi. Utafiti wa namna hiyo ni kinyago, na idara yoyote ina haki ya kuukataa.

Lakini mhandisi wetu hakushika mawili. Alishika swali moja: mashine itajuaje urefu wa m? Swali hilo lina vipini viwili, kama mzigo mzito unaohitaji watu wawili kuuinua. Hakuhitaji kusoma fasihi yote ya Kiswahili, wala mimi sikuhitaji kusomea umeme. Kilichohitajika ni kila mmoja wetu kuijua sehemu yake kwa kina, na kujua ya mwenzake kwa kiasi cha kuweza kumuuliza swali la maana na kulitambua jibu baya. Kina hakipungui kwa sababu mtu ana jirani.

Kuna pingamizi la pili, nalo hutoka kwetu sisi wa fasihi. Tunasema kwamba shairi ni zaidi ya hesabu ya silabi, na kwamba mwenye kuligeuza kuwa mawimbi kwenye kiwambo amelichuna ngozi na kuuacha moyo. Nakubali kwamba shairi ni zaidi ya silabi. Lakini ni sisi hao hao tunaomtahini kijana wa kidato cha nne kwa kumtaka ataje idadi ya mizani katika ukwapi na utao. Kama jambo hilo lina uzito wa kutosha kuwekewa alama katika mtihani, lina uzito wa kutosha kufanyiwa utafiti.

Pingamizi la tatu halisemwi kwa sauti, nami nitalisema. Tunahofia kufanywa watumishi. Aghalabu mtu wa teknolojia hutujia akitaka orodha ya maneno, tafsiri ya sentensi mia tatu, au sauti za kurekodi; akishapata, huondoka, na majina yetu huonekana katika ukurasa wa shukrani iwapo yataonekana kabisa. Hofu hii ina msingi. Hata hivyo, dawa yake ni kuingia mapema na kwa masharti, wala si kufunga mlango. Aliyesaidia kulitunga swali ni mtafiti. Aliyeletewa orodha ya kujaza mwishoni ni karani. Tukikataa kuwa watafiti wa mwanzo, tutaishia kuwa makarani wa mwisho. Na kazi haitatungoja. Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri mwaka 2009, na leo kuna mashine za akili mnemba zinazoandika insha na hata tungo za beti kwa lugha yetu. Tunazicheka katika semina zetu zinapokosea upatanisho wa kisarufi. Kicheko hakijamfundisha yeyote ngeli.

Tufanyeje?

Sipendekezi kuundwa kwa taasisi mpya wala kitivo kipya. Napendekeza mambo madogo manne ambayo yangetosha kumwokoa mhandisi yule.

Kwanza, vitivo viwe na makubaliano ya maandishi kwamba mwanafunzi wa uzamili anaweza kuwa na msimamizi wa pili kutoka kitivo kingine, na kwamba kazi hiyo ihesabiwe kikamilifu katika mzigo wa mhadhiri. Mhadhiri aliyekataa kwa sababu hiyo hakuwa mchoyo. Alikuwa akisema kweli kuhusu saa zake.

Pili, tasnifu ya namna hii itahiniwe na pande zote mbili, mtahini mmoja kutoka kila taaluma, na kila mmoja aambiwe waziwazi sehemu anayoitathmini. Mtahini wa uhandisi asiombwe kupima hoja ya ngeli, na mtahini wa Kiswahili asiombwe kupima hesabu ya mawimbi.

Tatu, suala la lugha ya tasnifu lisiwe ukuta. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba Kiswahili kinaweza kubeba uhandisi, na siku ya mtu kuandika tasnifu ya uhandisi kwa Kiswahili nitakuwa wa kwanza kuinunua. Lakini siku hiyo haitafika kwa kumnyima sahihi anayeandika kwa Kiingereza leo. Mwanafunzi wa aina hii atakiwe kuandika sura moja au muhtasari mrefu kwa Kiswahili, akisaidiwa na msimamizi wake wa Kiswahili. Istilahi zitazaliwa humo, katika haja halisi ya kusema jambo, na zitadumu kuliko zile tunazozibuni mezani na kuziweka katika orodha zisizosomwa na mtu.

Nne, nasi wanafunzi wa Kiswahili tuvuke upande wa pili. Ni aibu kwamba mhandisi alijifunza ngeli kwa Jumamosi nne, ilhali wengi wetu tunamaliza uzamili bila kuweza kusoma jedwali la takwimu. Mimi nimeanza kujifunza kuandika programu ndogo ndogo. Naenda kwa mwendo wa kobe. Ya kwanza ilihesabu irabu katika ubeti, na ilinichukua siku mbili kuifanya ihesabu sawasawa.

Mambo hayo matatu ya mwanzo yanahitaji seneti, kamati na mihuri. La nne halihitaji ruhusa ya mtu, na chama chetu kinaweza kulianza muhula huu. Tutenge Jumamosi moja kila mwezi, tubandike tangazo katika ubao wa kitivo cha uhandisi na ule wa idara ya tarakilishi, tuseme kwamba yeyote mwenye swali kuhusu Kiswahili aje nalo, na atakayekuja tusimwambie asubiri wiki tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na methali hiyo tumeifundisha kwa wengine muda mrefu mno bila kuitekeleza wenyewe.

Nimezungumza na yule mhandisi hivi majuzi. Ameajiriwa, ana shughuli nyingi, lakini faili za programu anazo bado. Aliniuliza kama kuna mwanafunzi yeyote mpya, wa idara yake au ya kwetu, anayeweza kuipokea kazi hiyo na kuiendeleza. Nilimwambia nitauliza. Basi nauliza.